Kisanduku cha Sababu

Nasikia ninyi vijana wa maabara mna ugomvi na kile kisanduku. Mtu akishaandika uzito kwenye daftari la tableti, kisha akarudi kuubadilisha, daftari linamfungulia kisanduku cheupe na kumuuliza sababu, na halimpi njia mpaka ajaze. Mnaandika "kosa". Mnaandika nukta tatu. Mmoja wenu, simtaji, ameandika "basi tu". Nilipoambiwa nilicheka, maana mimi nimestaafu na hakuna anayeniuliza sababu ya chochote isipokuwa mke wangu. Lakini kicheko hakikufika mbali. Mimi ndiye niliyewafanya muwe na kisanduku hicho, na nadhani ni haki yenu kujua ilikuwaje.

Wengi hamnijui kwa sura. Naitwa Kleofasi. Nilikuwa fundi sanifu wa maabara hapo kituoni kwetu, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimepima udongo wa watu, mbegu za watu na majani ya watu. Sikuwa mtafiti. Watafiti huja, huandika, huondoka na majina marefu kuliko waliyokuja nayo. Sisi mafundi hubaki na mizani. Sisemi hivyo kwa uchungu, ingawa mke wangu anadai nasema kwa uchungu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Gervas, fundi wa zamani ambaye alikuwa hazungumzi kabla ya saa nne asubuhi. Mwaka wangu wa kwanza tulitumwa Kipili kusaidia watu wa ziwani kupima dagaa. Mimi nilikwenda na kalamu ya wino wa bluu niliyoinunua makusudi, niandike kama karani wa benki. Wimbi moja lilipanda juu ya mbao za mtumbwi, na ukurasa wangu wote ukawa bluu tupu. Daftari la Mzee Gervas lilipata maji yale yale, lakini yeye aliandika kwa penseli, na kila tarakimu ilisomeka. Hakunigombeza. Alinipa kipande cha penseli, akaniagiza nipime dagaa wote upya huku wenzangu wakila samaki wa kuchoma. Tangu siku ile sijaingia shambani na wino.

Jambo la pili alilonifundisha ni kwamba kosa halifutwi. Unalikata mstari mmoja, mmoja tu, lisomeke chini ya mstari, unaandika tarakimu sahihi pembeni na kuweka sahihi yako. Alikuwa akisema mtu atakayekuja baadaye ana haki ya kuona tulipokosea, maana huenda hatukukosea. Nililishika hilo kwa miaka mingi. Kisha tukapata mkuu mmoja aliyependa usafi. Wageni wakija alikuwa akipekua madaftari mbele yao, na daftari lenye tope na mistari lilimtia aibu. Ndipo tukaanza kuwa na madaftari mawili, daftari la shamba na daftari safi. Asubuhi unaandika la shamba, mchana unanakili kwenye lile safi kwa mwandiko wa kupendeza. Mkuu yule alihama, desturi ikabaki. Na mjue, kati ya daftari moja na la pili kuna mkono wa mtu, na mkono huo una mawazo yake.

Sasa niwapeleke moja kwa moja kwenye barua iliyoanzisha haya yote. Gaudensia alikuwa mwanafunzi wetu wa uzamivu, binti wa wakulima wa huku huku uwandani, aliyepalilia ulezi kabla hajajua kuandika jina lake. Kwa misimu mitatu alikuwa akijaribu mbegu tano za ulezi kwenye mashamba ya wakulima, aone ipi inaufaa udongo wetu. Mbegu namba nne ndiyo ilikuwa inaongoza. Tasnifu yake ilikuwa tayari, ufadhili wake ulikuwa unaisha mwaka ule ule, na mimi nilikuwa nimebakiza miaka miwili kustaafu. Barua kutoka chuoni kwake ikasema watahini wanataka kuona kumbukumbu za msimu wa tatu zilizoandikwa shambani zenyewe, si majedwali. Ikasema pia kwamba kila maabara inayolea wanafunzi wao ichague daftari la kielektroniki. Msimu mmoja ukikataliwa, Gaudensia angelima upya mwaka mzima bila msaada wa mtu.

Mkuu wetu wakati huo alikuwa Dokta Oresta, mama mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye sijawahi kumwona akikimbia. Akayaunganisha mambo mawili kuwa moja. Kulikuwa na madaftari mawili ya kielektroniki yaliyobaki kwenye mchujo. Akasema tuyajaribu yote mawili kwa wiki sita, na jaribio lenyewe liwe huo msimu wa tatu wa Gaudensia. Mzee Kleofasi aingize tarakimu za daftari la shamba kwanza, kisha alinganishe na daftari safi, arekebishe penye tofauti. Baada ya hapo sisi watatu, yaani yeye, Gaudensia na mimi, tupige kura. Nilijibu kwamba hakuna shida.

Madaftari yale tuliyapa majina. La kwanza tuliliita Bibi Harusi, kwa sababu lilikuwa na rangi, lilifunguka hata kwenye simu ya mtu, na ukiliwekea picha linaipanga lenyewe. La pili tuliliita Hakimu. Lilikuwa la kijivu, zito kufunguka, na kila ukurasa lilitaka sahihi, na ukishasaini ukurasa unafungwa.

Tulianza vibaya kama tulivyozoea. Maabara yetu ilikuwa na ufunguo mmoja uliotundikwa kwenye msumari, na kila mtu aliutumia. Basi tukafanya hivyo hivyo na nywila. Mwenzetu mmoja alijisajili kwanza, akaandika nywila yake kwenye karatasi, tukaibandika ukutani juu ya tanuri la kukaushia, na sote tukawa tunaingia kwa jina lake. Baada ya wiki Dokta Oresta akafungua taarifa ya Hakimu, akakuta mwenzetu huyo amepima sampuli kumi na mbili za udongo Jumamosi saa tano asubuhi, saa ambayo karibu sisi wote tulikuwa kanisani tukimwona akifunga ndoa. Dokta aliibandua karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Kesho yake kila mtu alikuwa na jina lake, na mimi kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba kila nitakachokigusa humo kitaandikwa Kleofasi.

Nikajitia kufanya kazi ya kulinganisha kwa bidii. Niliyachukua yote mawili kwenda shambani, mahali ambapo mtandao unakufa ukishavuka kilima, nikaingiza tarakimu thelathini kwenye kila moja. Bibi Harusi alizipokea vizuri sana, na tuliporudi mjini hakuwa na hata moja. Hakimu alizihifadhi, na tulipofika penye mtandao akazituma bila kuombwa. Ulizeni hilo kabla hamjauliza rangi. Dokta Oresta naye alikuwa na swali lake moja, siku tukiachana na daftari hili tunatokaje na vitu vyetu? Kwa Bibi Harusi ungetoka na picha za kurasa, halafu ukae uzichape tarakimu upya. Hakimu alikupa majedwali yote, pamoja na historia ya nani alibadilisha nini na lini. Kwa hiyo kama ningekuwa mtu asiye na jambo moyoni, ningemchagua Hakimu wiki ya kwanza na kurudi kunywa chai yangu.

Nilikuwa na jambo.

Shamba la mwisho la msimu ule wa tatu lilikuwa la Mama Leokadia, mjane wa upande wa Nkasi, mkulima hodari na mtu wa jumuiya ya kanisa. Lilikuwa na ploti ishirini, yaani mbegu tano, kila moja mara nne. Tulipanga kuvuna Jumanne. Nilitangulia peke yangu, Gaudensia akiwa amelazwa na homa. Nilipofika kwenye ploti za namba nne zilizo karibu na njia, nikaona vikonyo vingi vimekatwa kwa kisu, safi kabisa, masuke hayapo. Nikamuuliza Mama Leokadia kama kuna mwizi. Akaniambia juzi ilikuwa Jumapili ya mavuno, naye alikata masuke ya kupeleka altareni. Nikamuuliza kwa nini amekata kwenye namba nne tu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu.

"Sasa baba, kanisani nipeleke yaliyokonda?"

Nilicheka, na nilimpenda kwa jibu lile. Hakuna mkulima wa huku anayepeleka mabaki altareni, na sisi katika mipango yetu yote hatukukumbuka kumwambia kwamba ploti zile hazitolewi sadaka. Nikavuna, nikapura, nikapima. Ploti zote nne za namba nne zilikuwa chini ya zilivyopaswa kuwa. Niliandika uzito halisi kwa penseli kwenye daftari la shamba, kama Mzee Gervas alivyonifunza. Lakini mchana, nikinakili kwenye daftari safi, nikajiambia kwamba tarakimu hizi zinamdhulumu binti wa watu. Mbegu ile ilikuwa imeongoza misimu miwili. Masuke yalikuwepo, yameliwa na Mungu tu. Nikaongeza kilo moja na nusu kwa kila ploti, kwa kukadiria. Sikuandika popote. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Basi siku ya kuingiza msimu ule ilifika. Kwa Bibi Harusi niliandika tarakimu za shamba, kisha nikaandika zile safi juu yake, na za kwanza zikapotea bila hata alama. Ilikuwa raha. Nikaenda kwa Hakimu. Niliandika ya shamba, nikarudi kuibadilisha, na kisanduku kikafunguka. Sababu. Nilijaribu kukifunga, kikakataa. Nikatoka nje, nikatazama upepo unavyoisukuma mikaratusi, nikarudi, nacho bado kiko pale kinanisubiri. Nilifikiri kusema daftari la shamba limeliwa na mchwa. Nani angebisha? Mchwa wa kituo kile wamekula mpaka mlango wa stoo. Lakini daftari lilikuwa mezani mbele ya watu tangu asubuhi. Chumba cha pili Gaudensia alikuwa anaosha vyupa vya maabara huku akiimba wimbo wa kwaya. Nikaandika, "kosa la kunakili". Hakimu akapokea. Niliandika maneno hayo mara nne.

Wiki ile sikulala vizuri, na chakula kilikuwa hakina ladha. Kila mlango wa maabara ulipofunguliwa nilidhani nimeitwa. Siku ya tatu Gaudensia alikuja na tableti mkononi, akavuta kiti karibu yangu kwa heshima kama kawaida yake, akaniuliza mbona ploti zote nne za namba nne zina kosa la kunakili, na zote kwa kiasi kile kile. Alikuwa haulizi kwa kunishuku. Alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza njia. Nikamjibu mwanga ulikuwa mbaya siku ile, na macho yangu ni ya kizee.

"Pole baba," akasema, na akaondoka.

Jioni yake akaniletea barua aliyowaandikia watahini, nimsomee nione kama ina kasoro. Alikuwa ameeleza kwamba tofauti kati ya daftari la shamba na daftari safi ni makosa ya kunakili, yamethibitishwa na fundi mwandamizi, na chini akaweka sahihi yake mwenyewe. Nilisoma mstari ule mara nyingi. Mpaka pale uongo ulikuwa wangu peke yangu, na sasa ulikuwa na jina la Gaudensia. Nilimwambia barua ni nzuri, labda aongeze mkato baada ya neno la tatu. Barua ingekwenda chuoni pamoja na uamuzi wetu wa daftari, siku ya kikao.

Vijana, mtu akiwa na uongo hutafuta wa kumwambia kwamba si uongo. Mimi nilipanda bodaboda kutoka Katandala, ninakoishi, mpaka stendi, nikapanda gari, nikaenda kwa Mama Leokadia. Nilitaka kusikia kwa kinywa chake kwamba alikata masuke mengi, mengi sana, kilo moja na nusu kila ploti au hata zaidi. Kama aliyakata, basi mimi nilirudisha tu kilichokuwepo, na kilichobaki ni kosa dogo la kutoandika. Nilishapanga hata maneno ya kumwambia Dokta Oresta siku moja, nikiwa nimeshastaafu, kwa utani.

Nilimkuta anapepeta maharage uani. Akaniamkia kwa Kifipa, nikaitika, akanipa kigoda. Tuliongea habari za mvua, habari za mapadre, mpaka nikaona aibu kuendelea kuzunguka. Nikamuuliza juu ya masuke ya Jumapili ile ya mavuno. Akakumbuka vizuri. Alisema alikata kwenye ploti mbili za karibu na njia, akajaza kikapu kidogo.

Nikamuuliza na zile mbili za juu je.

"Kule juu sikufika. Magoti yalikuwa yananiuma, na zile za juu hazikuwa na kitu cha kupeleka."

Akaendelea kupepeta. Nilikaa pale na kikombe cha togwa alichonipa. Mimi niliona vikonyo kwenye ploti mbili za chini. Zile za juu sikuinama kuzitazama. Nilipoona uzito wake uko chini, nilidhani tu nazo zimekatwa, nikaziongezea. Hazikuwa zimekatwa. Zilikuwa zimezaa kidogo, basi. Na kikapu kidogo cha mama mwenye magoti mabovu hakiwezi kuwa kilo moja na nusu ya ulezi kwa kila ploti. Sikuwa nimerudisha kitu. Nilikuwa nimeotesha ulezi ambao haukuwahi kuota.

Niwaambie kilichoniuma zaidi njiani wakati wa kurudi. Vikonyo vile vingehesabika. Mtu angeinama siku ile ile, akahesabu vikonyo vilivyokatwa, akapima wastani wa suke moja, akazidisha, akaandika wazi kwamba hapa pamekatwa masuke kadhaa na makadirio ni haya. Ni kazi ya nusu saa. Mtahini yeyote angeikubali, na angeipenda. Lakini vikonyo vya msimu ule vilikuwa vimeshalimwa na kugeuzwa udongo, na hakuna ambaye angeweza kuvihesabu tena. Nilichukia mgongo wangu ambao haukuinama, nikachukia mwandiko wangu mzuri.

Kikao kilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, ofisini kwa Dokta Oresta. Barua ya Gaudensia ilikuwa mezani ndani ya bahasha iliyo wazi, inasubiri kurasa zetu za uamuzi. Dokta alizungumza kwanza. Alisema yeye anamtaka Hakimu, kwa sababu ya mtandao, kwa sababu ya kutoka na majedwali, na kwa sababu mwanafunzi akiondoka, nyuma yake panabaki historia. Akanigeukia. Mimi nilikuja na hotuba yangu, na ilikuwa hotuba nzuri, Mungu anisamehe. Nilisema Hakimu ni mzito, vibarua wetu wameishia darasa la saba na hawatamweza, kusaini kila ukurasa kutachelewesha uvunaji, mtu hawezi kushtakiwa na tableti kila anapokosea. Yote yalikuwa kweli. Nilisikia sauti yangu inavyotiririka, nikajua kwamba naweza kusema kweli asubuhi nzima na bado nikawa muongo.

Dokta Oresta akamwuliza Gaudensia. Gaudensia akanitazama, akatabasamu kidogo, akasema yeye naye alikuwa anampenda Hakimu, lakini hajui shamba kuliko mimi, na kama mimi naona Hakimu atatukwamisha, basi anakwenda na kura yangu. Dokta akatikisa kichwa, hakufurahi lakini alikuwa mtu wa kuheshimu kura. Akavuta karatasi ya uamuzi, akaanza kuandika jina la daftari. Akanyoosha mkono wa pili kuichukua ile bahasha.

Nikasema, "Dokta, usiandike."

Akasimamisha kalamu. Nikamwomba afungue Hakimu, msimu wa tatu, shamba la Mama Leokadia, ploti za namba nne, upande wa historia. Ilichukua muda, maana Hakimu ni mzito kweli. Ukurasa ulipofunguka nikamwomba asome sababu. Akasoma, kosa la kunakili.

"Ni uongo," nikasema. "Nimeandika mimi. Hakukuwa na kosa la kunakili. Niliongeza."

Nikaeleza yote, masuke ya altareni, kilo moja na nusu, kwenda kwa Mama Leokadia, zile ploti za juu. Nilieleza pia kwamba kwa Bibi Harusi nimeshafuta na hakuna ambaye angeona, na kwamba ndiyo sababu nilimpigia kura. Dokta Oresta aliweka kalamu chini polepole. Gaudensia hakulia, wala hakupandisha sauti. Aliichukua bahasha yake, akaitoa barua, akaikunja mara mbili na kuitia mkobani. Kisha akaniuliza swali moja, kama vikonyo vya ploti zile mbili bado vilikuwa ardhini siku ile nilipopima. Nikasema ndiyo, vilikuwepo.

"Ungeniambia siku ile ile," akasema, "ningetoka hospitali, tukavihesabu."

Akasimama, akamwomba Dokta ruhusa, akatoka. Sikumfuata. Sikuwa na cha kumpa.

Tulimchagua Hakimu, kwa kura zote. Msimu wa tatu uliondolewa kwenye tasnifu, na Gaudensia akalima tena mwaka mzima bila ufadhili, akifundisha masomo ya jioni mjini ili aishi. Nilijitolea kumbebea mizani, akakubali, kwa sababu kazi ilihitaji mtu wa mizani. Hatukuongea zaidi ya tarakimu. Mama Leokadia aliambiwa mapema apande kipande chake cha sadaka pembeni ya ploti, akashangaa kwamba wasomi walihitaji misimu minne kufikia hapo. Na mavuno yalipokwisha, namba nne haikuwa na tofauti ya kueleweka na ile mbegu ambayo watu wa uwandani wanapanda tangu zamani. Gaudensia aliandika hivyo hivyo. Si matokeo ya kushangiliwa, lakini tasnifu ilipita, na hakuna mkulima aliyeacha mbegu ya nyumbani kwao kwa sababu ya kilo zangu.

Mwezi niliostaafu alinijia maabara, mara ya kwanza bila daftari mkononi. Alikuwa ameajiriwa kusimamia kumbukumbu zote za kituo, na ndiye anayewafundisha ninyi kutumia Hakimu. Akaniambia ukurasa ule bado upo, wenye uongo wangu mara nne na maelezo ya kweli chini yake, kwa sababu Hakimu hafuti. Angependa kuutumia kufundishia. Lakini una jina langu, na kama sitaki, ataficha jina. Nilifikiria watoto wangu, na miaka thelathini ya kupima vizuri ambayo haitaonyeshwa darasani hata siku moja. Nikamwambia aache jina. Akanishukuru, akaniaga, akaenda zake.

Mwezi uliopita nilikuwa dukani hapa Katandala nikinunua sukari. Msichana mmoja mwenye begi la chuo alinitazama, akatazama pembeni, akanitazama tena. Akanisogelea.

"Shikamoo mzee. Samahani, wewe ndiye Kleofasi wa ploti namba nne?"

Mwenye duka aliinua uso. Kulikuwa na watu wawili nyuma yangu, majirani, watu ninaosali nao. Msichana alikuwa mgeni, na ningemwambia amenifananisha angeomba radhi na kuondoka.

"Marahaba," nikamjibu. "Ndiyo, ni mimi."